Presha ya Ukoo Si Hukumu



Mwaka uliopita nilialikwa kudarsisha Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay. Baada ya darsa alinijia mama mmoja aliyesafiri kutoka Migori. Akasema: "Sheikh, marehemu mama yangu alianguka kwa kiharusi. Dada zangu wawili wana presha, nami ninayo. Hii ni ya ukoo, Mola ameshaandika. Vidonge nimeviacha." Nilimuuliza kama wanawe wamepimwa. Akajibu: "Wapimwe cha nini, nao wangali vijana?"

Kauli yake ina nusu ya ukweli. Presha hurithiwa kweli. Wataalamu wamekwisha kugundua zaidi ya sehemu 1,000 katika vinasaba vyetu zinazohusiana nayo, lakini kila moja huipandisha au kuishusha kwa kiasi kidogo mno. Hata ugumu wa mishipa una sehemu yake ya urithi. Mshipa mzima hutanuka moyo unaposukuma damu, kisha hurudi. Ukikakamaa kwa umri, sukari, sigara au presha yenyewe, pigo la damu huuelemea moyo, ubongo na figo.

Nusu ya pili ya ukweli ilidhihirika huko huko kwa majirani wa ziwa. Mwaka 1990 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti juu ya Wajaluo waliotoka vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria, ambako presha ilikuwa chini, wakahamia Nairobi. Walilinganishwa na wenzao waliobaki kijijini. Damu ni moja na ukoo ni mmoja, lakini presha ya wahamiaji ilikuwa juu zaidi tangu miezi ya mwanzo. Mjini walikula chumvi nyingi zaidi na madini ya potasiamu kidogo, yale yapatikanayo katika mboga, kunde na matunda. Vinasaba havikubadilika, kilichobadilika ni maisha.

Basi, urithi ni onyo, si hukumu. Kuamini kadari hakuondoi wajibu wa kushika sababu, Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu.

Enyi akina mama, jiko li mikononi mwenu. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika achari, chipsi na vidonge vya kukolezea mchuzi. Mwenye mzazi au ndugu mwenye presha apimwe kila mwaka, hata akiwa kijana, kwani presha haina dalili. Ikirudia kufika 140 kwa 90, amwone daktari. Mjamzito asikose kupimwa kila aendapo kliniki. Na mfungaji wa Ramadhani asiache dawa. Amuulize daktari mapema namna ya kuzipanga baina ya futari na daku.

Wiki ya tatu yule mama alinipigia simu. Mwanawe wa kwanza, mwenye miaka 30, alipimwa akakutwa na presha ya juu, naye hakuwahi hata kuumwa kichwa. Ameanza matibabu, na mama amevirudia vidonge vyake.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.