WANAWAKE WALIOSHIKA KALAMU WAKATI MAREKANI ILIPOZALIWA



Katika somo la historia tunasikia majina ya watu walioanzisha inchi ya Marekani: Washington, Jefferson, Franklin, Adams. Wote ni wanaume. Mwanafunzi akisikia vile anafikiri kwamba wanawake wa wakati ule walikuwa jikoni tu, wakingojea habari. Sivyo. Wako wanawake walioandika mbele ya vita, wakati wa vita na nyuma ya vita, na maneno yao yalisomwa na wakubwa wale wale. Lakini majina yao yalifichwa, ao watu waliyatilia mashaka. Tunataka kueleza habari hii kwa kifupi, sababu inatuhusu sisi pia tunaoandika katika buletini hii.

1. Inchi iliyojengwa kwa karatasi

Tukumbuke kwanza mambo yalikuwa namna gani. Marekani ilikuwa makolonia 13 chini ya mfalme wa Uingereza. Toka mwaka wa 1765 Waingereza walitia kodi mpya, kwanza juu ya karatasi, kisha juu ya chai na vitu vingine. Watu wa makolonia walikataa, kwa sababu hawakuwa na mjumbe hata mmoja katika baraza la London. Mwezi wa Desemba 1773 watu wa Boston walitupa chai baharini. Vita vikaanza mwaka wa 1775. Tarehe 4 Julai 1776 walitangaza uhuru. Mapatano ya amani yalitiwa sahihi mwaka wa 1783, na katiba ikaandikwa mwaka wa 1787.

Wakati ule hapakuwa radio. Mawazo yalitembea kwa gazeti, kwa kitabu kidogo na kwa barua. Mtu mmoja alisoma kwa sauti, na wengine wakasikiliza. Basi mwenye kuandika vizuri alikuwa na nguvu sawa na mwenye bunduki. Na hapo mlango mdogo ulifunguka. Karibu pahali pote mwanamke hakuweza kupiga kura. Hakuweza kukaa katika Kongresi. Akiolewa, mali yake ilihesabiwa kuwa ya bwana wake. Lakini kalamu haikukatazwa na sheria. Ni kwa mlango ule wanawake wachache walipita.

2. Mercy Otis Warren: maneno bila jina

Huyu alizaliwa mwaka wa 1728 huko Massachusetts. Hakutumwa masomoni, maana masomo ya juu yalikuwa ya wavulana. Lakini wakati ndugu yake James alipofundishwa na mchungaji mmoja wa jamaa yao ili aingie katika chuo cha Harvard, Mercy aliruhusiwa kukaa na kusikiliza. Akasoma historia ya Waroma na ya Wayunani pamoja naye. Kumbe mbegu ilipandwa pale.

Mwaka wa 1754 aliolewa na James Warren wa Plymouth, akazaa wana watano. Mwaka wa 1772 gazeti moja la Boston lilianza kutoa mchezo wa teatri, The Adulateur, uliomchekelea guverneri Thomas Hutchinson. Katika mchezo guverneri anaitwa Rapatio, jina lenye kukumbusha unyang'anyi. Mchezo ule haukuchezwa mbele ya watu, sababu sheria ya Massachusetts ya mwaka wa 1750 ilikataza teatri. Watu waliusoma nyumbani, wakacheka, na walipokwisha kucheka hawakumwogopa guverneri kama mbele. Mwandishi ni nani? Gazeti halikusema. Alikuwa Mercy. Mwaka wa 1775 alitoa tena mchezo mwingine, The Group, vilevile bila jina.

Nyuma ya vita alifanya kazi nyingine kubwa zaidi. Mwaka wa 1788, wakati inchi ilikuwa ikibishana kama wakubali katiba mpya ao wakatae, alitoa kitabu kidogo cha kuipinga. Aliuliza: Uhuru wa zamiri na uhuru wa gazeti vinalindwa wapi katika katiba hii? Kwa nini wakubwa waweze kuchaguliwa tena na tena bila mwisho? Hatusemi kwamba ni yeye peke yake aliyeshinda, maana wengi walilia kilio kile kile. Lakini mwaka wa 1791 sehemu kumi ziliongezwa katika katiba, na ya kwanza inalinda dini, maneno na gazeti.

Sasa sikilizeni neno la kushangaza. Kitabu kile kilikuwa na jina la kujificha, maana yake «Mzalendo wa Columbia». Kwa muda wa zaidi ya miaka 100 wenye elimu waliamini kilikuwa kazi ya mwanaume, Elbridge Gerry. Ni katika miaka ya 1930 tu barua ya Mercy mwenyewe ilionyesha kwamba ni yeye aliyekiandika. Mtu anafanya kazi, sifa inakwenda kwa jirani!

Mwisho alichoka kujificha. Mwaka wa 1790 alitoa mashairi yake kwa jina lake. Mwaka wa 1805, akiwa karibu miaka 77, alitoa historia ya mapinduzi ya Marekani, vitabu vitatu. John Adams, rafiki wa zamani aliyemtia moyo aandike, alikuwa amekwisha kuwa raisi na kuacha kiti. Alipoona namna Mercy alivyomhukumu mle ndani, alikasirika sana, akamwandikia barua nyingi kali katika mwaka wa 1807. Nyuma yake alimwambia mtu mwingine kwamba historia si kazi ya wanawake. Kalamu ilikuwa nzuri ilipomchapa guverneri. Ilipomgusa yeye mwenyewe, ikakuwa mbaya.

3. Abigail Adams: barua kwa bwana wake

John Adams huyu alikuwa na bibi mwenye akili kali, Abigail, aliyezaliwa mwaka wa 1744, mtoto wa mchungaji. Yeye pia hakwenda masomoni. Alijifunza katika vitabu vya baba yake. Bwana alipokuwa Philadelphia katika Kongresi, Abigail alichunga shamba, watoto na deni, na usiku aliandika. Barua kati yao wawili zinazobaki hata leo zinapita 1.100.

Barua inayojulikana zaidi ni ya tarehe 31 Machi 1776, miezi mitatu mbele ya uhuru. Alimwomba bwana wake kwamba, wakati watakapotunga sheria mpya, wasisahau wanawake, wala wasitie uwezo wote katika mikono ya mabwana. Katika barua ile ile aliuliza pia namna gani watu wanaonyima wengine uhuru wanaweza kuwa na hamu ya kweli ya uhuru. Alikuwa akisema juu ya watumwa.

John alijibu kwa mzaha. Alimwambia kwamba ombi lake linamchekesha. Abigail hakunyamaza, alimwandikia Mercy Warren kumweleza jibu lile, na kumpa wazo kwamba wao wawili wapeleke ombi kwa Kongresi. Sheria haikubadilika. Wanawake wa Marekani walipata haki ya kura katika katiba mwaka wa 1920 tu, na wanawake Weusi wengi wa upande wa kusini walizuiwa hata mpaka sheria ya mwaka wa 1965.

Tusicheke Wamarekani. Kwetu Kongo, katika uchaguzi wa mwezi wa Mei 1960, mbele ya uhuru wetu, waliopiga kura ni wanaume tu. Mama zetu na nyanya zetu walicheza na kuimba tarehe 30 Juni, lakini hawakuulizwa.

4. Phillis Wheatley: mtoto wa Afrika

Huyu ndiye anatugusa zaidi, sababu ni wa damu yetu. Alinyakuliwa katika Afrika ya Magharibi, akafikishwa Boston mwaka wa 1761 katika chombo cha watumwa kilichoitwa Phillis. Walimhesabia miaka saba ao nane, kwa sababu meno ya mbele yalikuwa yametoka. John Wheatley alimnunua awe mtumishi wa bibi yake, Susanna. Wakampa jina la chombo kile kilichomleta. Jina alilopewa na mama yake halijulikani.

Katika nyumba ile walimfundisha kusoma. Bwana wake aliandika kwamba kwa muda wa miezi 16 mtoto aliweza kusoma hata sehemu ngumu za Biblia. Akajifunza pia Kilatini. Mwaka wa 1767 shairi lake la kwanza lilitoka katika gazeti. Mwaka wa 1770 mhubiri mkubwa George Whitefield alipokufa, Phillis alitunga shairi la maombolezo, na jina lake likajulikana huku na ng'ambo ya bahari.

Lakini alipotaka kutoa kitabu, watu hawakusadiki kwamba msichana Mwafrika anaweza kuandika vile. Ilipasa wanaume 18 wakubwa wa Boston watie sahihi karatasi ya kushuhudia kwamba ni kazi yake. Kati yao alikuwa guverneri Hutchinson, yule yule Mercy aliyemchekelea. Kitabu kilichapwa London mwaka wa 1773, na karatasi ile ya ushuhuda ndani yake. Wanaandishi wangapi wanaume walidaiwa cheti kama kile?

Katika mwaka ule alipata uhuru wake. Mwaka wa 1774 barua yake kwa Samson Occom, mhubiri wa kabila la Wamohegan, ilitolewa katika magazeti. Humo alisema kwamba Mungu ametia hamu ya uhuru katika moyo wa kila mtu, na akaonyesha uongo wa wale wanaolilia uhuru wao wakishika wengine katika utumwa. Mwaka wa 1775 alimpelekea jenerali Washington shairi. Washington, aliyekuwa na watumwa yeye mwenyewe, alimjibu kwa heshima, akamkaribisha amtembelee.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Alitafuta watu wa kununua kitabu cha pili, hakupata wa kutosha. Alikufa katika umaskini tarehe 5 Desemba 1784, karibu miaka 31. Inchi aliyoiimbia ilipata uhuru; watu wa rangi yake walibaki katika minyororo mpaka mwaka wa 1865.

5. Jina chini ya karatasi

Tuongeze mmoja ambaye kazi yake inafanana na ya wenzetu wanaozungusha makina ya buletini. Mary Katharine Goddard alikuwa mchapaji wa gazeti huko Baltimore, na mkubwa wa posta toka mwaka wa 1775. Mwezi wa Januari 1777 Kongresi ilimpa tangazo la uhuru alichape, mara ya kwanza pamoja na majina ya waliolitia sahihi. Lilikuwa jambo la hatari, sababu mbele ya mfalme wote wale walikuwa waasi. Chini kabisa ya karatasi alitia jina lake mwenyewe, zima, si herufi za kwanza tu. Mwaka wa 1789 walimwondoa katika posta wakamweka mwanaume, ingawa watu zaidi ya 200 wa mji waliandika kumtetea. Lakini jina liko chini ya karatasi mpaka leo.

6. Habari hii inatufundisha nini?

Judith Sargent Murray, mwanamke mwingine wa Massachusetts, alieleza katika mwaka wa 1790 kwamba mvulana na msichana wakiwa wadogo wana akili sawa. Tofauti inakuja wakati mmoja anafunguliwa vitabu na mwingine anafungwa katika kazi za nyumba. Tuangalie kwetu. Wakati wa mapumziko mvulana anashika daftari, dada yake anashika ndoo ya mayi. Mwezi wa tisa tunarudi, alafu tunasema: Wasichana hawajui hesabu.

Na wale wanaosema kwamba kuandika mambo ya inchi si kazi ya mwanamke wa imani, wasome Esta 9:29. Malkia Esta aliandika barua kwa uwezo wake wote, na taifa zima likaishika kama sheria.

Tuseme sasa neno la kweli juu ya buletini yetu. Katika makaratasi tunayoletewa, ya dada zetu ni machache, na mengi kati yao hayana jina, ao yana jina la mvulana wa kilasi yake. Tulipouliza sababu, tulijibiwa: «Watanicheka», ao «Watasema ni mvulana aliniandikia». Ni Mercy na Phillis wanarudi mbele yetu.

Basi tunaomba mambo mawili. Dada zetu, tieni jina lenu, jina zima; mtu asingoje miaka 100 ili kujua kwamba ni wewe. Na sisi wavulana, tukisoma kazi nzuri ya msichana, tusiulize nani alimsaidia. Tuulize tu kama neno lenyewe ni kweli. Makaratasi ya namba ijayo yaletwe mbele ya mwisho wa mwezi, kwa mwalimu wa buletini ao kwetu sisi wa kilasi ya sita.