Chumvi Inayolainisha Chuma, na Klachi ya Bodaboda

Pikipiki inayofika kwa fundi wa Tandika au Tegeta, Dar es Salaam, ikitoa moshi wa bluu mara nyingi haina siri. Ringi zimelika, silinda imechimbika, oili inapanda na kuungua pamoja na petroli. Chuma kimekula chuma. Hasara hiyo si ya waendesha bodaboda peke yao: mwaka 2017 watafiti Kenneth Holmberg na Ali Erdemir walikadiria kuwa asilimia 23 hivi ya nishati inayotumika duniani inaishia kwenye msuguano na ulikaji. Asilimia 20 hutumika kuushinda msuguano, na 3 kutengeneza upya vipuri vilivyolika.

Silinda, hata iking'arishwa vipi, ina vilima na mabonde yasiyoonekana kwa macho. Vyuma viwili vikikutana hugusana vileleni tu, mzigo wote ukabebwa na eneo dogo mno. Vilele hivyo hushikana, kisha hung'oana. Injini ikishika mwendo, oili huvutwa katikati ikavitenganisha. Shida iko pale pistoni inapofika juu na kugeuka, na asubuhi unapopiga kiki wakati oili imeshatuama chini. Hapo kinachookoa ni viongeza vilivyomo ndani ya oili, hasa ule mchanganyiko wa zinki, salfa na fosforasi unaotumika tangu miaka ya 1940.

Mpinzani wa mchanganyiko huo ni chumvi. Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi joto 801, lakini mwaka 1914 mwanakemia Paul Walden alieleza chumvi inayoyeyuka kwenye nyuzi 12 tu. Huko Mbagala chumvi hiyo isingeganda hata mwezi wa saba. Leo chumvi zinazoyeyuka chini ya nyuzi 100 huitwa vimiminika vya ayoni. Ndani yake mna ayoni chanya na hasi, kubwa na zenye maumbo yasiyopangika vizuri, ndiyo maana hazigandi kirahisi. Chuma kikisuguliwa, uso uliochubuka hupata chaji chanya. Ayoni hasi huukimbilia, na zile chanya hujipanga nyuma yake. Joto na shinikizo la pale vileleni huzifanya ziungane na chuma kuwa utando unaokilinda. Tena hazivukizi kirahisi, sifa iliyowavutia hata watengenezaji wa mitambo ya angani.

Mwaka 2001 watafiti wa Lanzhou, China, walizipendekeza kuwa vilainishi. Nyingi za mwanzo zilikuwa na florini, na zikipata maji hutoa haidrojeni floridi, ambayo hula chuma. Kwa mji wenye unyevunyevu wa bahari kama Dar es Salaam, hilo si jambo dogo. Isitoshe, nyingi zilikataa kuchanganyika na oili. Kufikia mwaka 2012 maabara ya Oak Ridge, Marekani, ilikuwa imepata aina zenye fosforasi zinazochanganyika nayo, na kiasi cha asilimia 1 hivi kilipunguza sana ulikaji.

Nani asingeitaka oili yenye chumvi hizo? Mwenye pikipiki, kwa mfano. Watu husahau kwamba kwenye gari la gia za mkono klachi hukaa kavu, nje ya oili ya injini, lakini kwenye pikipiki nyingi za bodaboda oili moja hulainisha injini na gia, na pleti za klachi zimezama humo humo. Pleti hizo zinategemea msuguano. Ukiupunguza kupita kiasi klachi itateleza: injini italia, na chombo hakitapanda kilima na abiria wawili. Ndiyo sababu Wajapani waliweka viwango vya JASO vya oili ya pikipiki mwaka 1998. Oili yenye MA imepimwa kwa klachi ya namna hiyo. MB ina msuguano mdogo na inafaa skuta zisizo na klachi ndani ya oili.

Kwa hiyo ukiuziwa kichupa cha "dawa ya kulainisha injini", chenye chumvi hizi au kingine chochote, usikimimine kwenye pikipiki yako kabla ya kusoma kilichoandikwa. Tafuta oili yenye MA na mnato uliotajwa kwenye kitabu cha chombo, na ibadilishwe kwa wakati.