Kipira Mkononi mwa Mkunga

Mwanasesere mwenyewe, akiwa mtupu, hana haiba yoyote: ni ngozi ya plastiki iliyosinyaa, hukunjwa ikatiwa mkobani. Lakini akisha kujazwa maji ya uvuguvugu yapatayo lita mbili, kichwa kikalegea na viungo vikaning'inia, hupata uzito, ujoto na unyong'onyevu wa mtoto aliyezaliwa kimya, hata mwanafunzi ambaye punde hivi alikuwa akifanya mzaha na wenziwe humpokea kwa mikono miwili pasipo kuagizwa.

Nilimkuta Nakuru, katika chumba cha mafunzo ya wakunga nilichoingia kwa shughuli nyingine kabisa, nami nisingaliandika makala juu yake lau si jambo moja lililoninasa. Mwilini mwake hutoka mirija miwili myembamba, na mwisho wa kila mrija pana kipira cha kubana kwa vidole: kimoja huendesha pumzi, cha pili hukipa kitovu mapigo ya moyo. Vipira hivyo havishikwi na mwanafunzi anayetahiniwa. Hushikwa na mwalimu, au na mwenzake aliyesimama kando, ambaye kwa kubana au kuacha kubana ndiye aamuaye kama mtoto huyu ataishi au atakufa. Ala yote hiyo, iliyobuniwa kwa hesabu na kampuni ya Laerdal kule Stavanger, Norwei, hatima yake hutegemea kidole gumba cha binadamu mmoja.

Kidole hicho, siku hiyo, kilikuwa cha Sista. Ndivyo wanafunzi wamwitavyo, nami nitamwita vivyo hivyo, kwa kuwa hakupenda jina lake litoke gazetini. Ni mama wa makamo, mchache wa maneno, aliyekesha miaka mingi katika vyumba vya kujifungulia vya Bonde la Ufa kabla ya kuhamia ualimu. Akisimamia zoezi haitazami karatasi ya alama, wala haitazami saa, ijapokuwa saa ndiyo sheria ya chumba kile; hutazama mikono. Hutaka kuona kichwa kimelazwa sawa, shingo haikukunjwa wala haikupindukia. Barakoa imefunika kidevu, kinywa na pua bila kuyagusa macho. Mfuko wa hewa unabanwa kwa mwendo wa pumzi 40 kwa dakika, bila papara. Na zaidi ya yote hutaka kujua jicho la mwanafunzi liko wapi. Kifua cha mwanasesere hakipandi ikiwa hewa inavuja au shingo imekaa vibaya, na katika hilo hakuna upendeleo; lakini mwanafunzi ambaye, badala ya kukitazama kifua, huuinua uso wake kumtazama Sista ili asome humo kama amefaulu, basi huyo mapigo ya kitovu humpungukia polepole chini ya vidole vyake.

Msomaji ajua kwa nini pana haraka. Katika kila watoto kumi wazaliwao, mmoja hivi huhitaji msaada ili aanze kupumua; wengi wao huitika kwa kukaushwa na kusuguliwa mgongo, na waliobaki sharti watiwe hewa ndani ya dakika ya kwanza, ile ambayo wakufunzi huiita dakika ya dhahabu. Mpango wa Helping Babies Breathe, uliozinduliwa mwaka 2010 na jumuiya ya madaktari wa watoto ya Marekani baada ya kujaribiwa hapa Kenya na huko Pakistan, ndio uliomwingiza mwanasesere huyu katika hospitali zetu. Wala si uzushi wa jana: tangu mwaka 1759 mkunga Madame du Coudray, kwa idhini ya Mfalme Louis wa 15, alizunguka mikoa ya Ufaransa akifundisha uzalishaji kwa kiwiliwili alichokishona kwa kitambaa na ngozi.

Nilimwuliza Sista kama kidole hicho kimewahi kumhurumia mtu. Alinyamaza kitambo, kisha akakiri kwamba ndiyo, tena si mara moja. Huja mwanafunzi aliyetoka mbali, Kuresoi au Olenguruone, ambaye kwao wameuza ng'ombe ili alipiwe karo, na mikono yake inatetemeka kwa hofu ya mtihani kuliko kwa ujinga wa kazi. Basi kipira hubanwa kabla kifua hakijapanda sawasawa, mtoto akapumua, na alama ikaandikwa. Hakujitetea. Aliniambia tu kwamba mtoto wa wodini hana kipira, na kwamba hajui ni wangapi aliowafaulisha kwa namna hiyo.

Alipotoka hapo aliingia katika malalamiko yake makubwa, nayo yahusu warsha. Watu huitwa siku moja, hunywa chai, hupewa cheti na posho, halafu mwanasesere hurudishwa kabatini akafungiwa kwa kufuli, maadamu ni mali iliyoandikwa daftarini na atakayeipoteza atalipa. Katika hili anao ushahidi wenye nguvu kutoka jirani. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, ilifundisha watumishi wake kwa siku moja. Miezi saba baadaye, kama ilivyochapishwa mwaka 2013, ustadi wao mbele ya mwanasesere ulikuwa umeongezeka dhahiri, ilhali matendo yao mbele ya watoto wenyewe hayakubadilika. Ndipo ukaanzishwa utaratibu wa mazoezi ya dakika chache kila wiki, hapo hapo kazini, na ripoti ya mwaka 2015 ikaonyesha vifo vya saa 24 za kwanza vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Sista atakalo ni hilo tu: kabati lifunguliwe, mwanasesere akae karibu na meza ya watoto, na kila zamu impe dakika tano.

Naafiki, walakini nina shaka moja ambayo hata yeye hakuiondoa. Kipira chahitaji mkono wa pili. Katika kituo cha afya ambako usiku mkunga huenda akawa peke yake, na akina mama wawili wanaugua uchungu kwa wakati mmoja, nani atakishika?

Kabla sijaondoka palitokea zoezi ambalo mtoto hakuamka. Aliyetahiniwa alikuwa kijana hodari kuliko wote darasani. Kifua kilipanda kila alipobana mfuko, wala hakumtazama mtu usoni, na bado kitovu hakikupiga hata pigo moja. Wenzake wakanung'unika kwamba ni dhuluma, na mwalimu mwingine aliyekuwapo akasema wazi kuwa yeye hakubali vifo darasani, kwani mwanafunzi hujifunza kukata tamaa. Kijana yeye aliuliza swali moja tu, kwa adabu: kosa lake lilikuwa wapi? Sista akamjibu wazungumze baadaye.

Mimi aliniambia ukweli palepale mlangoni. Kosa halikuwapo; kifo kile alikiamua asubuhi, alipokuwa akitia maji, na alimchagua yule kwa sababu ni hodari, ili aonje jambo ambalo ustadi hauliponyi. Kama amweleze hivyo, au amwache aitafute kasoro isiyokuwapo mpaka mikono yake izidi kuwa makini, hajakata shauri. Kijana anaanza zamu za wodi ya uzazi Jumatatu.