Usijifungie Ndani! Mke wa Askari Kule Hawaii na Dawa ya Matembezi



Unaikumbuka wiki yako ya kwanza bwenini? Sanduku la bati chini ya kitanda, sura ngeni kila upande, na usiku unatazama dari huku ukijiuliza nyumbani wanafanya nini saa hizi. Au pengine mzazi wako ni mwalimu, polisi au mwanajeshi, na ile barua ya uhamisho unaijua vizuri. Leo mko Tabora, mwezi ujao mko Mtwara. Marafiki wote wanabaki, wewe unaanza moja.

Basi leo tumwangalie mtu mwingine aliyepata uhamisho, tena wa mbali kweli kweli: mke wa askari wa Marekani anayeishi Hawaii. Utasema, "Hawaii? Huyo si anakula raha tu!" Subiri kwanza.

Hawaii ni wapi?

Hawaii ni visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki. Ni jimbo la 50 la Marekani tangu mwaka 1959, lakini kutoka hapo hadi California ni karibu kilomita 3,900 za maji matupu. Sisi Afrika Mashariki tuko mbele yao kwa saa 13. Kwao ikiwa saa 12 asubuhi, kwetu ni saa 1 usiku wa siku hiyo hiyo.

Watu wengi wanaishi kwenye kisiwa cha Oahu, penye mji mkuu wa Honolulu. Hapo hapo ndipo zilipo kambi kubwa za jeshi: Schofield Barracks ya jeshi la nchi kavu, Pearl Harbor ya jeshi la majini, na nyinginezo. Pearl Harbor ndiyo ile iliyoshambuliwa na ndege za Japani tarehe 7 Desemba 1941. Bila shaka umeisoma kwenye somo la historia.

Raha gani bila mwenzako?

Hebu jiweke katika nafasi ya dada huyu. Ni wa mfano tu, lakini maelfu wanaishi kama yeye. Mume amehamishiwa Oahu kwa miaka 2 au 3. Dada ameacha kazi, wazazi na mashoga zake. Wamepewa nyumba, wamefungua maboksi. Halafu, kabla hata hajaijua njia ya sokoni, mume anatumwa kazini ng'ambo kwa miezi kadhaa. Kaka zetu pia wamo. Wapo wanaume ambao wake zao ndio wanajeshi, nao hubaki na watoto vile vile.

Kazi nayo ni kasheshe. Mwajiri akijua utahama tena baada ya miaka 2, anasita. Kupanda ndege kwenda kumwona mama ni ghali. Ukimpigia simu saa 3 usiku, huko bara wengine wameshalala. Inabaki televisheni, jokofu na mawazo.

Hapo ndipo upweke unapoanza kula mtu taratibu. Usingizi unapotea, au unalala mchana kutwa. Chakula hakina ladha, au unakula ovyo. Unapiga kelele kwa mtoto kwa kosa dogo. Upweke sio uvivu wala sio udhaifu wa imani. Ni jambo la afya, kama vile malaria ilivyo jambo la afya.

Kwa nini kutembea?

Wake wengi wa askari waliozoea uhamisho humpa mgeni ushauri mmoja: toka nje! Sio ushauri wa mtaani tu. Ukitembea kwa mwendo wa haraka kidogo, moyo unasukuma damu vizuri na misuli iliyokakamaa inalegea. Ubongo nao unatoa kemikali zinazosaidia kutuliza mawazo. Usiku usingizi unakuja wenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Wewe mwenye umri wa miaka 5 hadi 17 unashauriwa angalau dakika 60 kwa siku.

Lakini kuna siri nyingine. Ukitoka, unaonana na watu. Leo unamsalimia yule mama mwenye mbwa, kesho anakuuliza unatoka wapi, keshokutwa mnakwenda pamoja. Urafiki mwingi huanza hivyo, bila hotuba.

Anaanzaje? Pole pole!

Dada yetu haanzi na kilele. Wiki ya kwanza anapanda basi la mji, anashuka sokoni, ananunua papai na ndizi, anarudi. Anajifunza lugha ya mitaa. Hapo mtu hakuelekezi kwa kaskazini na kusini. Anakwambia "mauka", yaani upande wa milimani, au "makai", yaani upande wa baharini. Siku akiyajua maneno hayo mawili, hapotei tena. Anaanza kujisikia mwenyeji kidogo.

Wiki ya pili anakwenda Makapuu, kwenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1909. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 3, na njia ni ya lami. Hata mwenye kigari cha mtoto anapita. Kivuli ni haba, kwa hiyo anakwenda asubuhi. Akibahatika, katika miezi ya baridi ya kule, anawaona nyangumi wakirusha maji baharini. Wanyama hao wametoka Alaska kuja kuzaa kwenye maji ya uvuguvugu. Nao wamepata uhamisho!

Baadaye anapanda Diamond Head, ambayo wenyeji huiita Leahi. Ni kasoko ya volkano ya zamani pembeni mwa Honolulu. Njia yake ilitengenezwa na jeshi mwaka 1908 kwa ajili ya ulinzi wa pwani. Kwenda tu ni kilomita 1.3, lakini unapanda kiasi cha mita 170, unapita kwenye handaki lenye giza, na ngazi zake si mchezo. Juu kabisa unaiona Honolulu yote na bahari isiyo na mwisho. Dada anahema, jasho linamtoka, anacheka peke yake. Ni mara ya kwanza kucheka mwezi huo.

Miezi ikipita, pengine anajaribu Koko Crater. Hiyo ni njia ya reli ya zamani ya jeshi yenye mataruma zaidi ya 1,000 yaliyopangwa kama ngazi kwenda juu. Sehemu moja mataruma yako hewani kama daraja, na chini unaona korongo. Ukijisikia kizunguzungu, rudi. Kurudi sio aibu.

Angalia, mlima hauna urafiki!

Sasa tuwe wakweli. Kila mwaka vikosi vya uokoaji vya Oahu huwatoa watu milimani kwa helikopta. Baadhi yao ni wageni waliofikiri wanakwenda kutembea bustanini. Haya ndiyo mambo yanayowaangusha:

*1. Jua na kiu.* Jua la Hawaii ni kali kama letu la pwani. Upepo wa bahari unakudanganya huhisi joto, kumbe unaungua na maji yanakuishia mwilini. Kichwa kikianza kuuma, mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, mwili unakwambia "nipe maji". Kadiria nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi kukiwa na joto kali. Vaa kofia na nguo ya mikono mirefu. Mafuta ya kuzuia jua nayo yanasaidia, ila tangu Januari 2021 sheria ya Hawaii inakataza kuuza yale yenye kemikali 2 zinazodhuru matumbawe.

*2. Mvua ya milimani.* Wewe uko kwenye jua, lakini juu mlimani mvua inanyesha. Ghafla kijito cha kuvuka kwa hatua 3 kinageuka mto wenye hasira. Maji yakibadilika rangi au yakianza kupanda, usivuke. Kaa mahali pa juu usubiri.

*3. Maji matamu yenye ugonjwa.* Maporomoko ya Manoa yana urefu wa kama mita 45, na kila anayefika pale anatamani kuoga. Mabango yanakataza, na sababu zipo. Mawe huanguka kutoka juu, na maji yanaweza kuwa na vimelea vya leptospirosisi. Vimelea hivyo hutoka kwenye mkojo wa panya, nguruwe na wanyama wengine, na huingia mwilini kupitia vidonda, macho, pua au mdomo. Dalili ni homa, kichwa, maumivu ya misuli, kutapika na macho mekundu. Dalili zinaweza kuanza siku 2 hadi 30 baadaye. Unasema, "Hayo ni ya Hawaii"? Hapana! Ndiyo homa ya mgunda ile ile iliyotangazwa mkoani Lindi mwezi Julai 2022, ambapo wakati wa kutangazwa watu 20 walikuwa wameugua na 3 kati yao wamefariki. Inatibika kwa dawa za antibayotiki, hasa ukiwahi. Kwa hiyo ukipata homa baada ya kucheza mtoni au kulima majarubani, mwambie daktari uliingia kwenye maji. Usikae kimya.

*4. Njia zilizofungwa.* Ngazi za Haiku, zilizojengwa na jeshi la majini wakati wa Vita Kuu ya Pili, zimefungwa kwa umma tangu mwaka 1987. Watu wameendelea kuzipanda kwa kificho ili wapate picha nzuri. Lakini kumbuka maporomoko ya Sacred Falls. Tarehe 9 Mei 1999, siku ya akina mama, mawe yaliporomoka na kuua watu 8 na kuwajeruhi makumi. Hifadhi hiyo ilifungwa na haijafunguliwa tena. Uzio haukuwekwa kumnyima mtu raha.

*5. Giza.* Jua likizama huko, giza linaingia haraka kama kwetu. Uwe na tochi, hata kama umepanga kurudi saa 9 mchana.

Uongo au ukweli?

*"Mwanamke akienda matembezini wakati mume yuko kazini, anatafuta mambo."* Uongo! Anatafuta afya yake. Mama mwenye afya hulea vizuri, na mume aliye mbali hupumua akijua nyumbani ni salama.

*"Ukienda peke yako unakuwa jasiri zaidi."* Uongo! Jasiri wa kweli huaga. Mwambie mtu unakwenda wapi, njia gani, na saa ngapi utarudi. Usiporudi, ajue pa kuanzia kukutafuta. Bora zaidi, nenda na mwenzako.

*"Mgeni anaweza kwenda popote, mlima ni wa Mungu."* Sio kweli. Hawaii ilikuwa ufalme wenye malkia hadi alipopinduliwa mwaka 1893, kisha Marekani ikaitwaa mwaka 1898. Wenyeji wengi bado wana uchungu, hasa juu ya ardhi iliyoshikwa na jeshi. Na kwao baadhi ya vilele na vijito ni mahali patakatifu. Kwa hiyo dada yetu hafuati njia za panya, habebi mawe kama kumbukumbu, na anasalimia anaokutana nao. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni asimletee mwenyeji kidonda kipya.

Na kama matembezi hayatoshi?

Hapa tusidanganyane. Kutembea husaidia sana, lakini sio dawa ya kila kitu. Kama huzuni imekukaa kwa wiki 2 au zaidi, huli, hulali, hutaki kuona mtu, au unafikiria kujidhuru, hilo ni jambo la kumwona mtaalamu, tena mapema. Familia za askari wa Marekani zina huduma ya ushauri nasaha ya bure. Dada yetu anaweza kupiga simu saa yoyote, usiku na mchana, na hakuna anayemcheka.

Wewe je? Unaye mwalimu wa malezi, nesi wa zahanati, shangazi au mjomba anayejua kusikiliza. Chagua mmoja, umwambie leo. Kama unafikiria kujidhuru, usingoje kesho na usikae peke yako.

Sasa ni zamu yako

Huna Diamond Head, sawa. Lakini una njia ya kwenda kisimani, uwanja wa mpira, kilima nyuma ya shule. Yule mwanafunzi mpya anayekaa peke yake wakati wa mapumziko, amepata uhamisho kama wa dada yetu. Mwambie, "Twende tutembee." Maneno mawili tu. Hujui yanaweza kumwokoa na nini.

Kabla hamjatoka, jiulizeni haya:

- Tumeomba ruhusa na kuaga?
- Tuna maji ya kutosha, kofia na raba zenye kushika?
- Tunajua njia, na tunajua saa ya kurudi?
- Kuna mto? Kama upo, nani kati yetu ana kidonda mguuni?

Mume wa dada yetu atarudi siku moja, na begi lake mgongoni. Atamkuta mkewe ana rangi ya jua, ana marafiki 3 wapya, na anajua mauka ni wapi na makai ni wapi. Atauliza, "Sasa tunaanzia wapi?"

Na safari hii, dada ndiye atakayetangulia mbele.