Tovuti ya Kaunti Si Albamu ya Picha
Nionavyo mimi, tovuti ya serikali ya kaunti si albamu ya picha za gavana akikata utepe. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yazidi kufafanua: kandarasi itiwapo saini, taasisi ya umma itangaze, tovutini au kwa njia nyingine ifaayo, kazi yenyewe, gharama, jina la mwanakandarasi na muda wa kuikamilisha. Elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti. Basi mwalimu ambaye darasa lake limesalia msingi mtupu hana budi kusoma humo ni nani aliyepewa kazi, na kwa shilingi ngapi. Picha zaweza kungoja, hesabu haiwezi.