Kazi Katika Kampuni Kubwa ya Kompyuta: Tuulize Nini Zaidi ya Mshahara?

Mzazi akisikia kwamba mwanawe ameajiriwa na kampuni kubwa ya kutengeneza programu za kompyuta, jambo la kwanza analouliza ni mshahara. Hilo si ajabu, kwani wengi wetu tumesomesha watoto kwa kuuza mbuzi na kuchangiwa na jamaa. Lakini sisi tulio wauguzi tumejifunza wodini kwamba mshahara hausemi yote kuhusu kazi. Yapo maswali mengine matatu: Mfanyakazi anapimwaje? Anahesabiwa kuwa nani? Na anarudi lini kwa jamaa yake?

Ili tuelewe maswali hayo, na tutazame kampuni moja inayojulikana sana, Microsoft. Ilianzishwa mwaka 1975 na Bill Gates na Paul Allen, vijana wawili wa Kimarekani. Tangu mwaka 1986 makao yake makuu yako Redmond, mji ulio karibu na Seattle, Marekani. Katikati ya mwaka 2025 ilikuwa na wafanyakazi wapatao 228,000 duniani kote. Miongoni mwao wamo wahandisi wengi wanaoandika programu, yaani yale maagizo yanayoiambia kompyuta la kufanya. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Raha zipo

Tusiseme uongo: mazingira ya kazi ni mazuri. Pale Redmond majengo yamezungukwa na miti, vinywaji ni vya bure, na tangu mwaka 2007 kampuni ina mabasi yake ya kuwachukua wafanyakazi. Mwaka 2015 ilitangaza kwamba mama aliyejifungua huko Marekani atapata likizo ya wiki 20 kwa mshahara kamili, na baba wiki 12. Hilo ni jambo kubwa, maana sheria ya taifa la Marekani haimlazimishi mwajiri binafsi kumlipa mzazi aliye likizoni.

Anapimwaje?

Hata hivyo, kwa miaka mingi wafanyakazi hao hao waliishi na hofu. Kila meneja alitakiwa kuwapanga watu wake kwa madaraja: wachache wa juu kabisa, wengi wa katikati, na wachache wa chini. Hata kama wote walikuwa hodari, lazima baadhi yao waandikwe chini, na aliyeandikwa hivyo aliweza kukosa nyongeza, au hata kupoteza kazi.

Akina mama, hebu fikirini utaratibu huo ungeletwa wodini. Anayemaliza zamu humweleza anayeingia habari za kila mgonjwa. Muuguzi mzoefu humfundisha mgeni kutafuta mshipa wa mtoto mchanga. Je, nani angemfundisha mwenzake kwa moyo mweupe, akijua kwamba mwenzake akipanda yeye atashuka? Ndivyo ilivyotokea kule. Baadhi ya wafanyakazi walieleza kwamba watu walishindana na jirani wa meza badala ya kushindana na makampuni mengine. Mwezi wa Novemba 2013 kampuni iliufuta utaratibu huo. Tangu hapo mfanyakazi huulizwa pia amewasaidiaje wenzake.

Anahesabiwa kuwa nani?

Jambo la pili ni rangi ya kitambulisho. Wenye kitambulisho cha buluu waliajiriwa na kampuni yenyewe. Wenye rangi ya machungwa waliletwa na mawakala kama vibarua. Walikaa jengo moja, na wengine walifanya kazi ile ile kwa miaka. Mwaka 1992 baadhi ya vibarua walikwenda mahakamani, wakidai kwamba walinyimwa haki walizopata wenzao, kama nafasi ya kununua hisa za kampuni kwa bei nafuu. Mwaka 2000 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 97 ili kuimaliza kesi.

Lakini hata kitambulisho cha buluu si kinga. Mwezi wa Januari 2023 Microsoft ilitangaza kupunguza wafanyakazi 10,000. Mwaka 2025 ilipunguza wengine wapatao 6,000 mwezi wa Mei na 9,000 hivi mwezi wa Julai, ingawa ilikuwa ikipata faida kubwa. Kwa hiyo kijana anayeajiriwa leo asikope kana kwamba mshahara huo ni wa milele.

Anarudi lini?

Programu nyingi za siku hizi hutumika usiku na mchana, na zikiharibika lazima mtu aamke. Wahandisi hupeana zamu ya kuitwa usiku, kama daktari anavyoitwa chumba cha upasuaji. Habari hii inatuhusu hata sisi wa Afrika Mashariki, kwa sababu mwaka 2019 Microsoft ilifungua kituo cha wahandisi Nairobi. Kikao cha saa tatu asubuhi Redmond kinaangukia saa moja au saa mbili usiku Nairobi, wakati ule ule mama anapopakua chakula na watoto wanataka kusikilizwa.

Basi tufanye nini? Kabla kijana hajatia sahihi mkataba, tumsihi aulize: Nani ananiajiri, kampuni au wakala? Kazi yangu itapimwa kwa kipimo gani? Zamu za usiku ni ngapi kwa mwezi? Bima ya afya inahusu mke, mume na watoto? Kuuliza si utovu wa adabu.

Akishaanza kazi, tumsaidie. Tusimpigie simu kila wiki kudai fedha kana kwamba amechimba dhahabu. Tumkumbushe kuyapumzisha macho: kila baada ya dakika 20 atazame mbali kwa sekunde 20, kisha ainuke anyooshe mgongo. Anapoonekana hana usingizi, hana hamu ya chakula na anakasirika upesi, tusiseme ni majivuno ya pesa. Tukae naye, tumsikilize, na ikibidi tumpeleke kwa daktari mapema.