Nyumba ya Setla Inauzwa: Tazama Hati Kabla ya Bati

Wakulima wa Kinangop na sehemu nyingine za Nyandarua mnazijua nyumba hizi: bomba la moshi la mawe, veranda pana, mbao za mutarakwa. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, mashamba ya masetla yalinunuliwa na kukatwa vipande. Lakini nyumba haikatwi. Nyingine zikawa shule au ofisi za ushirika. Baadaye, katika miaka ile ya 1960, Serikali ikaamua baadhi ya nyumba ziachwe pamoja na ekari 100 hivi, zikaitwa ploti za Z. Jirani aliyepewa ekari chache hakufurahi, na hatuwezi kumlaumu.

Siku hizi nyumba ya namna hiyo ikitangazwa kuuzwa, watu huenda kuitazama kama harusi. Nenda, lakini chukua kisu. Choma nguzo mahali zinapokutana na udongo. Kisu kikizama, nguzo imeoza. Panda darini mvua ikinyesha. Ikiwa bati ni zima, hapo pana mali: paa la futi 40 kwa 50 hupokea lita 4,700 hivi kwa mvua ya inchi moja, yaani madebe zaidi ya 200. Ng'ombe wako hawatashuka mtoni siku hiyo.

Sasa hati. Bwana mkulima, tuseme mwenye nyumba amekufa, na mwanawe mkubwa anakuonyesha funguo. Funguo si ruhusa. Kwa Sheria ya Urithi, ardhi ya marehemu haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mali yake. Ukimlipa kijana huyo leo, dada zake wanaweza kukushtaki kesho, na haki itakuwa yao.

Kama mwenyewe yu hai, nenda ofisi ya ardhi ukatafute jina lake katika daftari. Angalia pia kama deni la Settlement bado limeandikwa pale, kwa maana ni lazima lilipwe na kufutwa kwanza. Kama ni nyumba ya ndoa, mke au mume lazima akubali. Kisha, kwa ardhi ya kilimo, ombeni idhini ya Bodi ya Kusimamia Ardhi katika miezi 6 tangu kupatana. Bila idhini hiyo mapatano ni bure. Sheria inakuruhusu kudai fedha zako kama deni, lakini kudai na kulipwa ni mambo mawili, hasa zikiwa zimekwisha kuliwa.

Neno moja kwa mwenye haraka ya kubomoa. Uliza kwanza kama nyumba imetangazwa kuwa ya kumbukumbu chini ya sheria ya makumbusho ya mwaka 2006. Ikiwa imetangazwa, usiguse hata dirisha kabla ya kupata ruhusa kwa maandishi.